Uchumi kwa Asiyekuwa Mchumi

Juni 2024, waraka ambao kwa kawaida husomwa na wahasibu na mawakili wa ushuru uligeuka gumzo la matatu. Mswada huo wa Fedha wa Kenya ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na tozo ya mazingira kwa bidhaa kadha wa kadha. Vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu mitandaoni, wakaueleza kwa lugha za nyumbani, kisha wakafurika katikati ya Nairobi. Baadhi ya mapendekezo yaliondolewa kabla maandamano hayajafika kilele. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na wengine wakapigwa risasi na kufa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hangeutia saini mswada huo.

Kwa tunaofundisha uchumi, siku zile zilikuwa na funzo la darasani. Mwanasheria aliweza kusema kifungu kinaruhusu nini, na mhasibu aliweza kukokotoa bei mpya ya mkate. Lakini kuonyesha kwamba asilimia 16 ile ile humega sehemu kubwa zaidi ya kipato cha kibarua kuliko cha meneja kulihitaji uchumi. Kueleza kwa nini serikali ilibanwa na madeni kiasi hicho kulihitaji historia, na kujibu kwa nini wananchi hawakuamini ahadi za Hazina kulihitaji sayansi ya siasa. Swali lilikuwa moja, na hakuna idara ya chuo iliyoweza kulijibu peke yake.

Ndiyo sababu napenda kuwashauri vijana wanaoingia chuoni kusomea uuguzi, uhandisi, sheria au fasihi wafikirie uchumi na maendeleo kama somo la kando.

Ni somo gani hili?

Katika vyuo vingi duniani, mwanafunzi huwa na somo kuu linaloandikwa kwenye shahada yake, na anaweza kuongeza somo la kando lenye yuniti tano au sita hivi. Uchumi na maendeleo ni somo la kando la mseto. Hukopa vipimo kwa wachumi, kumbukumbu kwa wanahistoria, ramani kwa wanajiografia, na kutoka kwa wanasosholojia hujifunza kukaa na watu na kuwasikiliza. Halimgeuzi mtu kuwa mchumi, wala halina hisabati nzito ya shahada ya uchumi. Kazi yake ni kumfundisha msomaji wa taaluma nyingine kuuliza maswali matatu kila anapowekewa mpango au takwimu mbele yake: nani alihesabu, alihesabu nini, na nani aliachwa nje ya hesabu?

Maswali hayo yana mizizi Nairobi. Chuo kikuu cha hapa kilianzisha taasisi yake ya taaluma za maendeleo mwaka 1965, mwaka ule ule serikali ilipotoa Waraka nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilituma Kenya ujumbe ulioongozwa na wachumi Hans Singer na Richard Jolly. Ulikuja kuchunguza ukosefu wa ajira, ukagundua kwamba tatizo kubwa zaidi ni watu wanaofanya kazi mchana kutwa na bado wanabaki maskini. Ripoti yao ndiyo iliyolieneza duniani wazo la sekta isiyo rasmi, wazo ambalo mwanaanthropolojia Keith Hart alikuwa ameliibua kutokana na utafiti wake jijini Accra. Walisema fundi wa mabati na mchuuzi hawapaswi kufukuzwa, kwa kuwa wao ni sehemu ya uchumi wenyewe. Leo zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo kidogo na ufugaji, iko katika sekta hiyo, na kanjo, yaani askari wa jiji, bado wanakimbizana na wachuuzi.

Dar es Salaam ilishika njia nyingine. Huko, taasisi ya taaluma za maendeleo ya chuo kikuu ilianzishwa mwaka 1973, na somo la maendeleo likawa la lazima hata kwa mwanafunzi wa uhandisi. Lilizaliwa katika siasa za Azimio la Arusha na lilibeba itikadi yake, jambo lililowakera baadhi ya wanafunzi. Hata hivyo, lilisimamia jambo la msingi: mhandisi hajengi hewani, hujenga ndani ya jamii.

Barabara moja, mitaa miwili

Panda matatu ya 46 kutoka mjini hadi Kawangware. Utapita Hurlingham na Valley Arcade, ukipakana na Lavington yenye nyua pana na miti mirefu. Mwendo mfupi baadaye utashuka kwenye vibanda, ploti za vyumba vya mabati na msongamano wa watu. Mchumi wa kitabuni atasema kodi ya nyumba hupangwa na mahitaji na ugavi. Ni kweli, ila jibu hilo halielezi kwa nini mpaka wa utajiri umepita pale pale.

Jiografia itakuonyesha kwamba wakoloni walijitengea upande wa magharibi wenye miinuko na udongo mwekundu unaopitisha maji, huku Waafrika wakisukumwa mashariki kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Historia itaongeza kwamba Kawangware na Kangemi hazikuwa ndani ya jiji. Zilikuwa upande wa Dagoretti, katika eneo lililotengewa Wakikuyu, na ziliingizwa jijini mipaka ilipopanuliwa wakati wa uhuru, mwaka 1963. Sheria nayo itakueleza kuhusu hatimiliki: miaka ya 1950 ardhi ya Kiambu, ikiwemo ya Dagoretti, iliunganishwa na kupimwa upya, familia zikapata hati. Kwa hiyo landilodi wa Kawangware mara nyingi ana ardhi yake halali, tofauti na Kibera, ambako sehemu kubwa ya mabanda imesimama kwenye ardhi ya serikali. Anayepanga kuboresha makazi bila kujua tofauti hiyo atapeleka Kawangware dawa iliyotengenezwa kwa ugonjwa wa Kibera.

Maji nayo yana hesabu yake. Tuseme mtungi wa lita 20 unauzwa shilingi 10. Lita 1,000 zitajaza mitungi 50, yaani shilingi 500. Weka hesabu hiyo kando ya bili ya nyumba yenye mfereji, uone anayelipa zaidi kwa kila lita. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP ya mwaka 2006, iliyohusu maji, ilionyesha kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda katika miji ya nchi zinazoendelea hulipa mara tano hadi kumi ya bei wanayolipa matajiri wa jiji hilo hilo. Kwa muuguzi anayetibu kuhara, hesabu hiyo ni sehemu ya uchunguzi wa mgonjwa.

Simu iliyojua historia

Westlands, kando ya Waiyaki Way, ndiko ziliko ofisi kuu za kampuni ya simu ya Safaricom. Machi 2007 kampuni hiyo ilizindua M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Majaribio ya mwanzo yalilenga kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo, lakini washiriki walianza kutumiana pesa wao kwa wao. Kwa nini? Kwa sababu kwa miongo mingi ujira wa mjini ulipangwa kana kwamba mfanyakazi hana familia, huku mke na watoto wakibaki shambani. Pesa za nyumbani zilibebwa na jamaa au kukabidhiwa dereva wa basi. Teknolojia ilikuta barabara ambayo ukoloni na familia zilikwisha kuichonga.

Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha matokeo katika jarida la Science. Walilinganisha familia zilizopata mawakala wengi karibu nazo na zile zilizopata wachache, wakakadiria kwamba M-Pesa ilizitoa familia 194,000, asilimia 2 ya familia za Kenya, kwenye ufukara. Miaka mitatu baadaye Milford Bateman na wenzake wawili waliupinga utafiti huo: walitilia shaka mbinu zake, wakauliza ziko wapi hasara za biashara ndogo zilizokufa na faida iliyovuka mipaka kwenda kwa wenye hisa. Mwanaanthropolojia Sibel Kusimba yeye alifuatilia jinsi pesa za simu zinavyofuma undugu na wajibu. Mwanafunzi wa somo la kando hatakiwi kuapa kwa upande mmoja. Anatakiwa aweze kueleza kila mmoja alipima nini, na kipimo hicho hakiwezi kuona nini.

Utajiri uliopatikana kwa kalamu

Septemba 2014 Kenya iliamka ikiwa na uchumi mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 25, ikaingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule. Watakwimu walibadilisha mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa kutoka 2001 hadi 2009 na kuhesabu vizuri zaidi shughuli zilizokuwa zimepuuzwa. Halikuwa kosa wala hila, maana nchi zinashauriwa kufanya hivyo mara kwa mara. Lakini kupanda daraja kuna gharama, kwani mikopo nafuu na misaada hupungua nchi inapoonekana imejiweza. Anayejua hayo hatashangilia wala kulaani takwimu kabla ya kuuliza imepikwaje.

Ushauri kwa mwanafunzi na mzazi

Mfumo wetu humpangia mwanafunzi shahada kupitia KUCCPS, shirika la serikali la kuwapangia wanafunzi nafasi za vyuo, na shahada kama udaktari au uhandisi zina ratiba iliyojaa pomoni. Mara nyingi somo la kando halipo kwa jina, hivyo ni lazima ulijenge mwenyewe kwa yuniti za hiari. Anza na takwimu, hata kama hesabu zinakutisha, kwa sababu bila takwimu mseto huu hugeuka soga. Ongeza misingi ya uchumi, kisha historia ya uchumi wa Afrika Mashariki, kisha fedha za umma. Malizia na utafiti wa mtaani. Kazi nzuri za namna hiyo zipo hapa hapa: kitabu cha Mary Njeri Kinyanjui cha mwaka 2014 kuhusu wanawake wafanyabiashara kinatazama namna walivyojipatia nafasi katikati ya jiji, kwenye vibanda vya Taveta Road. Jihadhari na yuniti zinazokufundisha misamiati ya wafadhili bila kukutoa darasani.

Mzazi atauliza: ukisoma hayo utaajiriwa na nani? Na yule yule atakayekuajiri kwa somo lako kuu. Tofauti itaonekana kazini. Barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Ilijengwa na kampuni ya China, na gharama hurudishwa kwa ada ya wenye magari. Mwanzoni mwa 2024 ada zilipandishwa, sababu ikitajwa kuwa shilingi imeshuka. Mhandisi aliyesomea zege peke yake atakuambia nguzo zitadumu miaka mingapi. Aliyeongeza somo la kando atauliza, mkataba ukiwa bado rasimu, hatari ya kushuka kwa shilingi itabebwa na nani. Tangu Katiba ya 2010, kaunti zote 47 zinapaswa kuandaa mipango ya maendeleo na kuwashirikisha wananchi. Maswali ya namna hiyo yana mahali pa kuulizwa, na yanahitaji watu wanaoweza kuyauliza kabla mkataba haujatiwa saini.