Filta na Oili za Nje ya Wakala: Je, Waranti ya Lori Lako Inakufa?

Wiki hii tunaweka pembeni mbegu na viuatilifu, tuzungumze kuhusu lori. Najua wapo watakaouliza, afisa ugani anaingiaje gereji? Ni kweli, diploma yangu ni ya kilimo, sio ya ufundi magari. Lakini mazao hayatembei yenyewe kwenda sokoni. Siku hizi vikundi vingi vya vijana wanaolima viazi, vitunguu na nyanya wameacha kukodi, wananunua lori jipya kwa mkopo. Na swali ninaloulizwa kila nikitembelea vikundi ni hili: "Afisa, nikifunga filta ya dukani badala ya ile ya wakala, waranti imekufa?"

Jibu fupi: kwa kawaida waranti haifi kwa sababu ya filta ya dukani peke yake. Ila filta hiyo hiyo, au oili isiyo sahihi, inaweza kukukosesha fidia siku injini ikiharibika. Kati ya maneno haya mawili kuna tofauti kubwa, na ndiyo tutakayoichambua leo.

Waranti inaahidi nini hasa

Waranti sio bima. Bima inalipa ajali. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kama kuna kifaa kilitoka kiwandani na kasoro, atakitengeneza au kukibadilisha kwa gharama yake. Ahadi hiyo ina mwisho wa aina mbili, muda na kilomita, na kinachotangulia ndicho kinachoifunga. Kama kitabu kinasema miaka 2 au kilomita 100,000, na wewe umefikisha kilomita hizo ndani ya miezi 14, imeisha.

Fungua kile kitabu kidogo ulichopewa na lori, usome sehemu ya mambo yasiyolipwa. Kwa kawaida utakuta vitu vinavyolika kwa matumizi: filta zenyewe, oili, pedi za breki, klachi. Halafu utakuta uharibifu uliosababishwa na mteja: kuzidisha mzigo, kuchelewesha sevisi, mafuta machafu, oili isiyo ya kiwango kilichotajwa. Hapo ndipo kesi nyingi zinapoangukia.

Kwa hiyo siku ya madai, swali zito mezani sio "umetumia filta ya nani?" Swali ni "nini kimeua hiki kifaa?" Gia boksi ikivunjika jino kwa sababu chuma kilikuwa na ufa tangu kiwandani, filta ya oili ya injini haihusiki hata kidogo. Lakini beringi za injini zikiungua kwa kukosa oili, hapo filta na oili zako ndio watuhumiwa wa kwanza.

Filta za dukani ziko za aina tatu

Vijana wengi wanagawa filta mbili tu, orijino na feki. Mgawanyo huo unawapotosha, maana ziko tatu.

Ya kwanza ni ya wakala, yenye nembo ya mtengenezaji wa lori. Ya pili ni ya kampuni nyingine inayotengeneza filta kwa jina lake lenyewe, kama Donaldson, Fleetguard, Mann au Sakura. Hizi sio feki. Ni kampuni za filta zenye majina, na zina orodha inayoonyesha namba ipi inaingia kwenye injini ipi. Ya tatu ndiyo feki yenyewe: boksi limeigwa, nembo imeigwa, ndani hujui kuna nini.

Ya pili ikiwa na namba sahihi unaweza kuitetea mbele ya wakala. Ya tatu huwezi. Na shida ni kwamba feki nyingi zinavaa nguo za ile ya kwanza. Kijana anaamini amenunua orijino kwa bei ya kutupa, kumbe amenunua boksi zuri.

Kwa nini filta mbovu inaua injini

Ukiikata filta ya oili utakuta mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, karatasi. Ndiyo inayokamata uchafu, na imekunjwa kunjwa ili iwe na eneo kubwa. Feki huwa na mikunjo michache, au gundi imeachia pembeni, oili inapita bila kuchujwa.

Pili, vali ya dharura. Filta ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi, vali hii inafunguka ili injini isikose oili kabisa. Ni bora oili chafu kuliko kukosa oili. Sasa kama springi yake ni dhaifu, inakaa wazi muda wote na oili haichujwi. Kama ni ngumu kupita kiasi, haifunguki, na injini inabaki kavu.

Tatu, kwenye filta nyingi, mpira wa kuzuia oili isirudi kwenye sampu ukizima injini. Ukiwa mbovu, kila asubuhi injini inazunguka sekunde kadhaa bila oili juu. Ukisikia inagonga gonga unapowasha kisha inatulia, usipuuze.

Filta ya dizeli ni hatari zaidi kwa malori ya kisasa. Mfumo wa komoni reli unasukuma dizeli kwa presha inayopita bar 1,000, na nafasi kati ya vyuma vya ndani ya nozeli ni ndogo sana kuliko unywele wa mtu. Maji kidogo au vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kuziharibu. Wakala akikuta kutu au mchanga ndani ya nozeli, hiyo sio kasoro ya kiwanda. Dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara nayo inaingia hapa hapa.

Na filta ya hewa, jamani, acheni kuipuliza kwa kompresa kila siku. Presha kubwa inatoboa karatasi, kisha vumbi la barabara zetu za vijijini linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi.

Oili: soma kopo, usisome bei

Kwenye kopo tafuta vitu viwili. Kimoja ni uzito, kwa mfano 15W-40. Namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, ya pili inavyotiririka injini ikiwa moto. Kingine ni kiwango cha ubora, kwa mfano API CI-4 au CK-4. Herufi C ni ya injini za dizeli, S ni ya petroli. Herufi ya pili inayofuata mbele zaidi kwenye alfabeti ni kiwango kipya zaidi: CK-4 ilianza Desemba 2016, ni mpya kuliko CI-4.

Kitabu kikisema CI-4 na wewe ukaweka oili ya kupima iliyoandikwa "dizeli" tu, umempa wakala sababu iliyo wazi. Lakini ukiweka oili ya kampuni yoyote yenye uzito na kiwango kilichotajwa, una hoja ya kujitetea. Baadhi ya watengenezaji wana kiwango chao wenyewe juu ya API, na kama kimeandikwa kitabuni, lazima kionekane na kwenye kopo. Kama lori lako ni la kisasa, lina chujio la moshi kwenye ekzosi, uliza oili ya majivu kidogo, la sivyo chujio hilo litaziba mapema.

Dawa za kumimina kwenye oili "kuongeza nguvu" ziacheni kabisa wakati wa waranti. Oili iliyokamilika ina viambato vyake tayari.

Zile video za Marekani

Kuna kijana alinitumia video ya fundi wa Marekani anasema kwa kujiamini: ni kosa kisheria wakala kukunyima waranti kwa sababu ya filta. Kwao, msingi huo upo. Sheria yao ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtoa waranti kumlazimisha mteja anunue vifaa vya nembo fulani ili waranti iendelee, isipokuwa ampe bure au apate kibali maalumu. Mwaka 2018 tume yao ya biashara iliziandikia kampuni sita barua za onyo kwa jambo hilo.

Lakini angalieni mambo mawili. Sheria hiyo inahusu bidhaa za matumizi ya mtu binafsi, familia na nyumba, sio lori zito la biashara. Na ni sheria ya Marekani, haivuki bahari ikakutetea Makambako. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza muuzaji kumpotosha mteja, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayopambana na bidhaa bandia. Ukiona umeonewa au umeuziwa feki, huko pana mlango. Ila ulinzi wako wa kwanza ni mkataba wa waranti uliousaini. Kama umeandika wazi kwamba sevisi ifanyike kwa wakala tu, jua hilo kabla hujasaini, na uombe bei za sevisi zote siku hiyo hiyo.

Kilichowakuta vijana wa viazi

Kuna kikundi cha vijana ninachokihudumia, walima viazi, lori lao liligonga injini likiwa na kilomita 41,000. Waranti ilikuwa hai. Walikuwa wakifanya sevisi gereji ya mtaani, na filta waliyofunga ilikuwa ya kampuni yenye jina, wala sio feki. Wakala alipofungua injini alikuta oili imeganda kama lami. Akawaomba rekodi. Walikuwa na daftari la shule lenye tarehe nne, bila kilomita, bila aina ya oili, na hawakuwa na risiti hata moja. Madai yakakataliwa.

Tuseme ukweli, filta haikuwakosesha. Kilichowakosesha ni kushindwa kuonyesha kwamba oili ilibadilishwa kwa wakati. Lori lilikaa juu ya mawe msimu wa mavuno, marejesho ya benki yakaendelea kila mwezi, na viazi vikasafirishwa kwa lori la kukodi. Wanachama wawili walijitoa.

Tupige hesabu

Huu ni mfano tu, weka bei za kwenu. Tuseme filta ya wakala ni shilingi 90,000 na ya dukani 35,000. Tofauti ni 55,000. Sevisi kila kilomita 10,000, mpaka kilomita 100,000 ni sevisi 10, umeokoa 550,000. Igawe kwa kilomita: shilingi tano na nusu. Safari ya viazi Makambako mpaka Dar es Salaam, akiba yako haifiki 4,000. Ulizia sasa bei ya kufanya ovahoo ya injini, halafu uamue mwenyewe.

Waranti ikiisha, hesabu inabadilika. Hapo filta nzuri ya kampuni nyingine ni uamuzi wa kibiashara wa kawaida kabisa.

Fanya haya

1. Piga picha ukurasa wa viwango vya oili na namba za filta, uwe nao kwenye simu dukani.
2. Kila sevisi ichukuliwe risiti ya EFD inayotaja namba ya filta, aina ya oili na lita. "Spea" peke yake haitoshi.
3. Andika kilomita na tarehe, kisha upige picha dashibodi siku hiyo.
4. Kwa barabara za vumbi na mzigo mzito, fuata ratiba ya mazingira magumu iliyopo kitabuni. Ni fupi kuliko ile ya kawaida.
5. Tunza maboksi ya filta, na filta iliyotoka ihifadhi mpaka sevisi inayofuata.
6. Taa ya oili ikiwaka, simama, zima injini. Kuendelea mpaka senta ya mbele ni kumpa wakala sababu ya kukataa.
7. Acheni lumbesa. Gunia lililofungwa kilemba linamuumiza mkulima sokoni, na uzito uliozidi unavunja waranti kwa gari lenyewe.
8. Wakala akikataa madai, omba sababu kwa maandishi: kifaa gani, kimeharibiwaje, filta au oili imehusikaje. Omba pia sampuli ya oili ipimwe maabara. Kipimo kinaonyesha vumbi, maji, dizeli iliyochanganyika na chembe za chuma. Usikubali vifaa vitupwe kabla hujavipiga picha.

Anayetunza kumbukumbu za shamba, ya mbolea na ya dawa, hashindwi kutunza za lori. Ni daftari lile lile, ongeza kurasa.

Kama una kitabu cha waranti na kuna kifungu hukielewi, kipige picha unitumie. Tutakisoma pamoja kabla hujafungua kopo la oili.