Mashine Haiujui Mto

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño ziliufurisha Mto Tana, na barabara ya Garsen ikakatika. Tuseme siku kama hizo muuguzi anayeishi ng'ambo ya mto ana zamu ya asubuhi katika hospitali ya Ngao, kaunti ya Tana River. Anasubiri mtumbwi, anavuka, anafika saa nne, nguo zimeloa hadi magotini. Msimamizi haulizi kitu. Tope analiona.

Sasa tuseme mahudhurio yanachukuliwa kwa alama za vidole, kisha programu ya akili unde inayapitia na kumpa kila mfanyakazi alama. Programu inachokiona ni nafasi tupu saa moja asubuhi, mara sita kwa mwezi. Inamtia muuguzi huyu kapu moja na mtoro wa kawaida. Wala haijakosea hesabu: kweli alichelewa mara sita. Ila sababu ya kuchelewa hakuna aliyeiandika popote, na mashine hujifunza kwa kilichoandikwa tu.

Amazon ya Marekani waliyaona haya kwa njia nyingine. Kuanzia 2014 walitengeneza programu ya kuchuja waombaji kazi, wakaifundisha kwa maombi ya miaka kumi ya nyuma, ambayo mengi yalitoka kwa wanaume. Ikajifunza kuwashusha waombaji ambao karatasi zao zilitaja vyuo au vilabu vya wanawake. Kampuni ikaiacha, na habari zikatoka 2018. Binti aliyesoma shule ya wasichana hapa Ngao asidhani hilo ni la Marekani tu.

Kenya haikukaa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine pekee. Zipo hali zilizoachwa nje, mojawapo ni pale mhusika mwenyewe aliporidhia, na ridhaa ya mtu anayetafuta mkate sote tunajua hupatikanaje. Lakini neno linalonisumbua zaidi ni hilo "pekee". Bosi akitia saini chini ya orodha ambayo hakuisoma, je, mashine iliamua peke yake? Kwa karatasi, hapana. Kwa ukweli, ndiyo.

Ndiyo maana naiona Sheria ya Ajira ya 2007, iliyotungwa kabla ya kelele zote hizi, kuwa na meno makali zaidi. Kifungu cha 41 kinasema mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kisha amsikilize. "Umepata 38" si sababu. Anayeitamka lazima aweze kueleza 38 imetoka wapi, na hapo wengi watakwama, kwa kuwa hata aliyewauzia programu huenda hajui.

Tatizo ni kwamba kifungu hicho kinangoja hadi mtu anapokaribia kufukuzwa. Kunyimwa cheo, kuhamishwa, kuachwa nje ya orodha ya mafunzo: hayo hupita kimyakimya. Kwa hiyo kaunti ikitaka kununua programu ya namna hii, ianze na jambo dogo: nafasi ya kuandika sababu, ijazwe na msimamizi wa Ngao aliyeliona tope, kabla alama haijafika mezani kwa afisa wa kaunti kule Hola.