Kansere ya ngozi: muchezo unaweza kufundisha vijana, lakini picha ziwe za ngozi yetu

Mwaka 1977, wanganga waligundua kansere ya ngozi kwenye kidole kikubwa cha muguu cha muimbaji Bob Marley, chini ya kucha. Watu wengi walizania ni mupira ndio ulimuumiza. Alikufa tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Kansere hiyo inaitwa melanoma. Kwa watu weusi, mara nyingi inatokea kwenye unyayo, kiganja ao chini ya kucha, na pale si jua ndiyo inaileta. Kijana mwenye kucheza mupira akiona doa pale, anasema tu: "Walinikanyaga." Miezi inapita. Lakini damu iliyoganda inasogea mbele pamoja na kucha mpaka inaisha. Doa yenye kubaki palepale na kupanuka, hiyo ipelekwe kwa munganga.

Jicho linajifunza tofauti hiyo kwa kuona mifano mingi, si kwa mahubiri ya darasani. Ku Itaúna, nchini Brazili, wanafunzi wa sekondari walionyeshwa ku telefone namna jua itaharibu sura zao. Walicheka sana, bila shaka. Kisha miezi 6, karibu nusu yao walisema wamejichunguza ngozi. Mbele ilikuwa kama robo.

Shida ni kwamba picha nyingi za michezo ya namna hii ni za ngozi nyeupe. Doa ya kahawia ku mugongo wa muzungu haimusaidie sana mutoto wa Uvira.

Na telefone si lazima. Mwalimu anaweza kuchora madoa kwenye makaratasi magumu na kugawa darasa timu mbili: "acha" ao "munganga"? Jibu litolewe palepale. Alama ni hizi: upande moja haufanane na mwingine, kando-kando haziko sawa, rangi ni nyingi, upana unapita milimita 6, na zaidi ya yote, doa inabadilika.

Kwa albino, karata ziwe zingine, juu kwao jua ndiyo adui kabisa: kidonda chenye kukataa kupona ku masikio, ku midomo, ku shingo. Kofia na mikono mirefu pia viingie mu muchezo. Ila mutoto albino acheze sawa wenzake, asisimamishwe mbele ya darasa kuwa mufano.