Mto Unaoulizwa Kila Robo Saa

Mtoto wa mwambao hujua bamvua na maji mafu kabla hajajua kuandika jina lake. Basi si ajabu kwetu kusikia kwamba maji huja na kurudi. Lakini uko mto wa mbali ambao nao hupwa na kujaa, na walimu wa huko wameufanya chuo.

Mto huo ni Hudson, katika jimbo la New York, Marekani. Hutoka milima ya Adirondack, ukateremka kilomita 507 hivi hata bandari ya New York. Kujaa na kupwa kwa bahari huonekana mpaka boma la Troy, mwendo wa kilomita 246 kutoka mlango wake. Wenyeji wa asili waliuita Mahicantuck, jina lifasiriwalo kuwa maji yasiyotulia.

Sasa maji yasiyotulia yatapimwaje? Mwalimu akijaza chupa moja akaipeleka darasani, amepata shahidi wa dakika moja tu. Chota maji yakipwa, chota tena yakijaa, utapata majibu mawili, na yote ni ya kweli. Ndipo mwaka 2008 ulipoanza mradi wa vituo uitwao HRECOS. Vipimo vilivyozamishwa mtoni huandika kila dakika 15 joto la maji, chumvi, uchachu, tope na oksijeni iliyoyeyuka. Hesabu hizo hupelekwa kwenye intaneti, na mwanafunzi huzisoma darasani hali mto ungali unakwenda.

Tutazame chumvi. Mji wa Poughkeepsie, yapata kilomita 120 kutoka baharini, hunywa maji ya mto huo huo. Mvua ikinyesha sana, maji matamu huisukuma chumvi kuelekea baharini. Ukame ukizidi, chumvi hupanda juu na kuukaribia mji. Basi mwanafunzi anayefuata hesabu hizo anafuata maji ya mtungi wa nyumbani. Aliyewahi kuona kisima chake kikigeuka chumvi ataelewa uzito wa somo hilo.

Au tutazame oksijeni. Lita moja ya maji matamu yenye baridi ya barafu huweza kubeba miligramu 14 na zaidi. Yakifika joto la digrii 30, hayabebi ila 7 na nusu hivi. Samaki aweza kukosa pumzi katika maji yanayong'aa kama kioo.

Tuliosoma fiqhi ya Kishafii twajua kuwa maji yaliyotimia kulla mbili hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, ila kigeuke kimoja cha vitu vitatu: rangi, ladha au harufu. Hiyo ni hukumu ya tohara. Pumzi ya samaki na afya ya mnywaji ni masuala mengine, na huko jicho, ulimi na pua huhitaji msaidizi.

Ama msaidizi naye hukaguliwa. Chombo kikikaa sana majini huota mwani na utando, kikaanza kutoa hesabu za uongo. Kwa hiyo wanafunzi hawaachwi na kompyuta peke yake. Tangu 2003 imekuwako siku maalumu, mwezi wa Oktoba, ambapo shule nyingi hushuka kwenye kingo za Hudson, wakavua kwa nyavu, wakapima chumvi na tope kwa mikono yao. Kisha hulinganisha waliyoyapata na yale ya vituo.

Tena hujifunza kuwa chombo nacho kina mpaka wake. Baina ya 1947 na 1977 viwanda viwili vya General Electric vilimwaga mtoni sumu iitwayo PCB, ikatuama topeni na kuingia katika samaki. Tope hilo lilichimbwa kuanzia 2009 hata 2015. Vipimo vya kila robo saa haviioni sumu hiyo, hutafutwa maabarani.

Nasi tunao Sabaki, unaoitia wekundu bahari ya Malindi wakati wa mvua. Mwalimu asiye na mitambo ana chupa, kipimajoto na daftari. Awapeleke wanafunzi maji yakijaa na yakipwa, kiangazi na masika, waandike kila mara. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na uliyoyafika mara moja tu, bado hujayajua.