Matiti, Telki na Shoti: Aina za Mbio za Farasi na Majina Yake

Mbio za farasi si mchezo mmoja. Ni michezo kadhaa inayotofautiana kwa mwendo wa mnyama, kwa njia aipitayo, na kwa namna anavyoongozwa. Anayetaka kuieleza michezo hiyo kwa Kiswahili hukabiliwa mara moja na suala la istilahi, na suala hilo ni zito zaidi Mombasa kuliko Nairobi. Nairobi upo uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka wa 1954. Likoni, Kisauni na Changamwe hakuna uwanja wa namna hiyo. Kilichopo ni lugha, nayo ina hazina kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Hazina hiyo imetokana zaidi na punda. Farasi alikuwa adimu pwani, na ndorobo wa misitu, kama ile ya Shimba kusini-magharibi ya Likoni, walikuwa adui yake. Jina lake na ya baadhi ya vifaa vyake, yaani seruji, lijamu na hatamu, yametoka katika Kiarabu. Hata farisi, ambaye kwa Waarabu ni mpanda farasi, kwa Waswahili amekuwa mtu hodari wa jambo lolote, awe na farasi au asiwe naye. Lakini miendo ya mnyama ilijulikana vyema. Aliyechapua miguu kwa mishindo alikwenda matiti. Aliyekwenda upesi kwa ulaini, bila kumrusharusha mpandaji, alikwenda telki. Aliyetimua mbio zake zote alikwenda shoti.

Mbio zijulikanazo zaidi ni zile za uwanja usio na vikwazo, ambazo ni za shoti tupu. Mfano wake mashuhuri ni Derby ya Epsom, Uingereza, iliyoanza mwaka wa 1780 na ambayo sasa ni ya takriban mita 2,400.

Mbio za kigari ni jambo jingine. Humo farasi hukokota kigari cha magurudumu mawili, na shoti imekatazwa: anayeivunja kanuni hiyo hurudishwa katika mwendo wake, huku wenzake wakimpita. Zimegawanyika mara mbili. Katika aina ya kwanza mguu wa mbele wa upande mmoja huinuka pamoja na wa nyuma wa upande wa pili. Hayo ndiyo matiti. Katika ya pili miguu ya upande mmoja huinuka pamoja, na hapa telki yafaa. Ni kweli kwamba telki ya zamani ilitaja ulaini wa mwendo kuliko mpango wa miguu, kwa hiyo neno litakuwa limenyooshwa kidogo. Afadhali hivyo kuliko kuziita zote resi.

Mbio za kuruka vikwazo husimuliwa kuwa zilianza Ireland mwaka wa 1752, wapandaji wawili waliposhindana kutoka mnara wa kanisa la Buttevant hadi ule wa Doneraile, wakiruka kila kilichowakabili njiani. Mkazi wa Changamwe ambaye hajamwona farasi akiruka anazijua mbio hizi kwa miguu ya binadamu: ndizo asili ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alizoshinda Amos Biwott huko Mexico mwaka wa 1968. Istilahi ya watangazaji yaweza kurudishwa kwa farasi bila taabu.

Zipo pia mbio za masafa, zipendwazo sana katika nchi za Ghuba, ambazo zaweza kufika kilomita 160 kwa siku moja. Madaktari wa mifugo hupima mapigo ya moyo kila kituo, na farasi asiyetulia huondolewa hata akiwa wa kwanza.

Kizuizi cha majina haya hakimo katika maana yake bali katika maneno yaliyofanana nayo. Kwa kijana wa Changamwe shoti ni hitilafu ya umeme. Matiti, mbele ya darasa la Kisauni, huzua kicheko kabla mwalimu hajamaliza sentensi, na pengine ndiyo sababu baadhi ya walimu huliruka. Telki haina mshindani. Imesahauliwa tu, kwani anayetoka Kisauni kwenda mjini leo hupanda matatu au bodaboda.