Ruta ndogo yapunguza gharama ya intaneti angani

MSAFIRI atokaye Theta, katika eneobunge la Juja, anapoabiri ndege Jomo Kenyatta pamoja na jamaa zake hukabiliwa na gharama asiyoitarajia: mashirika mengi yauzayo intaneti angani hutoza ada kwa kila kifaa.

Ruta ya safari, ambayo hutoshea kiganjani, huupunguza mzigo huo. Huchomekwa kwenye tundu la USB la kiti, ikajiunga na mtandao wa ndege mithili ya simu moja. Msafiri mmoja hufungua ukurasa wa malipo kupitia ruta hiyo na kulipa. Kisha simu za wenziwe hujiunga na ruta. Mitambo ya ndege huona mteja mmoja tu.

Hata hivyo kasi haiongezeki. Wote hugawana ile ile iliyolipiwa. Isitoshe, baadhi ya mashirika hukataza ugawaji huo, na mhudumu akiagiza ruta izimwe, sharti izimwe. Anayetegemea betri ya akiba naye ajue kuwa Emirates imepiga marufuku kuitumia ndani ya ndege zake tangu Oktoba 1, 2025.

Katika ndege za Qatar Airways zilizofungwa Starlink, huduma iliyoanza Oktoba 2024, intaneti ni ya bure. Humo ruta haina cha kuokoa.