Kwa nini risasi za kwenye kompyuta hukosa shabaha

MCHEZAJI amemwona adui akichomoza kwenye kona, amemlenga kifuani na kubonyeza kitufe cha kipanya bila kukiachia. Risasi 30 zimekwisha kwa sekunde tatu, lakini zilizompata adui ni mbili za mwanzo tu. Zilizosalia zimetoboa ukuta juu ya kichwa chake. Aghalabu lawama huangukia kipanya, au kasi ya intaneti. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Katika michezo ya kompyuta ya kupigana kwa bunduki, ile ambayo mchezaji huuona uwanja kwa macho ya mpiganaji mwenyewe, mambo mawili huchangia sana kuamua risasi itafika wapi. La kwanza ni msukumo wa bunduki, ambao hupangwa na watengenezaji wa mchezo. La pili ni wepesi wa kipanya, ambao hupangwa na mchezaji. Asiyejua uhusiano wa mambo hayo anaweza kutumia fedha nyingi kununua vifaa na asipige hatua yoyote.

Katika bunduki halisi, msukumo hutokana na kanuni ya Newton kwamba kila tendo lina tendo jingine lililo sawa nalo na linaloelekea upande wa pili. Risasi ya AK-47, bunduki iliyobuniwa na Mikhail Kalashnikov na kupokewa na jeshi la Umoja wa Kisovieti mwaka 1949, ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 700 kwa sekunde. Risasi inapokwenda mbele, bunduki husukumwa nyuma. Kwa kuwa mtutu uko juu ya mahali kitako kinapoegemea bega, msukumo huo huuinua mtutu. Askari asipoushikilia, kila risasi hupita juu zaidi ya ile iliyoitangulia.

Kwenye kompyuta hakuna baruti, bega wala uzito. Msukumo wa bunduki ni hesabu iliyoandikwa kwenye programu, na walioiandika wana uhuru wa kuifanya wapendavyo.

Mfano unaofahamika zaidi ni Counter-Strike, mchezo ulioanza mwaka 1999 kama nyongeza ya mchezo wa Half-Life na kutolewa rasmi na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2000. Katika toleo la Global Offensive la mwaka 2012, na katika Counter-Strike 2 iliyochukua nafasi yake Septemba 2023, kila bunduki ya rashasha ina njia yake maalumu ya kupanda. AK-47 ya mchezo huo hupanda juu kwa risasi chache za mwanzo, kisha huanza kuyumba huku na huku. Njia hiyo ni ileile leo, kesho na mwakani. Kwa sababu hiyo yaweza kukaririwa: bunduki inapopanda, mchezaji hukivuta kipanya chini, inapokwenda upande mmoja, hukipeleka upande wa pili.

Hata hivyo, si kila kosa la risasi hutokana na msukumo. Yapo pia matawanyiko, yaani risasi kuchepuka kidogo kwa bahati nasibu, na hayo hayakaririki. Huongezeka sana mchezaji anapofyatua huku akikimbia au akiruka. Dawa yake ni kusimama kwanza, kufyatua risasi chache, kisha kutua kidogo ili bunduki irudi mahali pake.

Michezo mingine ina kanuni tofauti. Katika Valorant, uliotolewa na kampuni ya Riot Games Juni 2020, bunduki hupanda kwa namna inayotabirika, lakini baada ya risasi za mwanzo huyumba kushoto au kulia bila utaratibu unaoweza kukaririwa kikamilifu. Mchezaji anayefyatua mfululizo akiwa mbali na adui hupata hasara, na ndivyo mchezo huo ulivyokusudiwa.

Hapo ndipo wepesi wa kipanya unapoingia. Ikiwa bunduki hupanda kwa kiasi kilekile kila mara, mkono nao hauna budi kushuka kwa kiasi kilekile kila mara. Lakini umbali ambao mkono husogea mezani hugeuzwa kuwa nyuzi za mzunguko kwenye skrini, na mgeuzo huo hutegemea namba mbili: idadi ya alama ambazo kipanya huhesabu katika kila inchi, na namba ya wepesi iliyowekwa ndani ya mchezo.

Katika Counter-Strike, namba ya wepesi ikiwa 1, kila alama moja ya kipanya humgeuza mpiganaji kwa nyuzi 0.022. Kipanya cha alama 800 kwa inchi, kwa hiyo, humgeuza nyuzi 17.6 kwa kila inchi, na mzunguko mzima wa nyuzi 360 huhitaji sentimita 52 hivi za meza. Namba ya wepesi ikipandishwa hadi 4, mzunguko huohuo hukamilika kwa sentimita 13 tu.

Tofauti hiyo huonekana wazi mkono unapokosea. Tuseme adui yuko umbali wa mita 20, na mkono umeteleza kwa milimita moja. Kwa kipimo cha sentimita 52, risasi huenda pembeni kwa sentimita 24 hivi. Kwa kipimo cha sentimita 13, kosa lilelile huipeleka pembeni karibu mita nzima. Katika kupambana na msukumo, ambapo mkono hurekebisha mwelekeo mara nyingi ndani ya sekunde tatu, makosa ya namna hiyo hurundikana.

Ndiyo maana wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Counter-Strike huchagua kipanya kizito cha kugeuka, na hutumia mkono mzima badala ya kifundo peke yake. Uamuzi huo una gharama zake: huhitaji meza yenye nafasi, na kumgeukia adui aliyetokea nyuma huchukua muda zaidi. Wepesi unaofaa, basi, ni ule unaomwezesha mchezaji kugeuka kwa wakati bila kumnyima utulivu wa kulenga.

Matangazo ya biashara huusifu upande mwingine. Siku hizi vipo vipanya vinavyonadiwa kuwa na uwezo wa kuhesabu alama zaidi ya 25,000 kwa inchi, ilhali idadi kubwa ya wachezaji wa kulipwa wa mchezo huo hutumia 400 au 800. Namba kubwa kwenye boksi haipunguzi msukumo wa bunduki hata kidogo.

Adui mwingine wa shabaha amejificha ndani ya Windows. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, programu hiyo imekuwa na mpangilio unaokifanya kipanya kwenda mbali zaidi mkono unaposogea kwa haraka. Mpangilio huo husaidia kazi za ofisini, lakini katika mchezo unaotii mpangilio huo, umbali uleule wa mkono hutoa mzunguko tofauti kila kasi inapobadilika. Michezo mingi ya sasa huweza kuukwepa kwa kusoma taarifa za kipanya moja kwa moja.

Kwa kuwa ujuzi huo hujengwa na mkono, wapo wanaotaka kuupata bila kuujenga. Zipo programu na vifaa vinavyorekebisha msukumo vyenyewe mchezaji anapobonyeza kitufe. Aprili 2023, kampuni ya Activision ilitangaza kuwa mfumo wake wa ulinzi katika Call of Duty umeanza kuvibaini vifaa vya aina hiyo. Agosti 2024, Valve nayo ilipiga marufuku kwenye seva zake rasmi kibodi zinazomsaidia mchezaji kusimama kabla ya kufyatua.

Makampuni hayo yana sababu ya kuwa makali. Machi 2024, timu ya Natus Vincere ya Ukraine ilitwaa ubingwa wa mashindano makuu ya Counter-Strike mjini Copenhagen, Denmark, ambako zilishindaniwa dola 1,250,000. Fedha za kiasi hicho hazina maana iwapo mashine ndiyo inayolenga.

Kwa mchezaji wa kawaida, hatua ya kwanza haihitaji kifaa kipya. Inatosha kuweka rula mezani, kumzungusha mpiganaji hadi arudi alipoanzia, na kuandika ni sentimita ngapi zimetumika. Akipata kipimo kinachomfaa, akishikilie hata anapobadilisha kipanya au kompyuta. Anayekibadilisha kila anaposhindwa huulazimisha mkono wake kuanza somo upya, ilhali bunduki ya kwenye skrini haijabadilika.